Kusakinisha Upya Mfumo Endeshi katika Tarakilishi Kongwe

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii ina uzito wake katika idara na vyumba vya wanafunzi ambamo tarakilishi kongwe ndizo hazina ya tasnifu, kanda za fasihi simulizi zilizogeuzwa kuwa faili, na orodha za msamiati zilizokusanywa kwa miaka mingi. Tarakilishi ya aina hiyo inapoanza kukokota, wapo wanaotaka itupwe, na wapo wanaoharakisha kuifuta ili waisakinishie mfumo mwingine. Pande zote mbili zaweza kupotoka. Aghalabu chombo kikongwe huweza kurejeshewa uhai. Hata hivyo, utaratibu wa kazi ndio unaoamua iwapo hazina iliyomo itaokoka au itaangamia.

Dhana ya usakinishaji

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia maunzi ya tarakilishi na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Kitenzi sakinisha chenyewe kinaifafanua kazi inayozungumziwa. Kimenyambuliwa kutokana na sakini, yaani kukaa au kuishi mahali. Kusakinisha mfumo, basi, ni kuufanya ukae ndani ya chombo mithili ya mpangaji anayeingia nyumbani. Kusakinisha upya ni kumtoa mpangaji wa awali na kumkaribisha mwingine. Tatizo ni kwamba mpangaji mpya huweza kufagia nyumba nzima, pamoja na vitu alivyosahau mwenye nyumba.

Tarakilishi isiyohudumiwa

Kila mtengenezaji huweka ukomo wa kuuhudumia mfumo wake. Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, ilikoma kuhudumiwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilifuata tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya ukomo huo tarakilishi huendelea kuwaka kama kawaida, ila mianya ya usalama inayogunduliwa baadaye haizibwi. Mnamo Mei 2017, virusi vya WannaCry vilifunga faili za watumiaji katika mataifa mengi na kudai fidia. Kiraka cha kuuziba mwanya uliotumiwa kilikuwa kimetolewa mwezi Machi mwaka huohuo, lakini tarakilishi nyingi hazikuwa zimekipokea. Ikiwa hayo yaliyapata hata mashine zilizokuwa zingali zikihudumiwa, hali ya zile zilizoachwa haihitaji maelezo marefu.

Maandalizi

Hatua ya kwanza ni kuokoa yaliyomo. Faili zote zinakiliwe mahali pawili tofauti, kisha chache zifunguliwe katika tarakilishi nyingine ili kuthibitisha kwamba nakala ni nzima. Wengi huirukia hatua hii kwa kuona kuwa inachosha, na maji yakimwagika hayazoleki. Mzee aliyerekodiwa akisimulia ngano huenda hayuko tena. Sauti yake ikifutika, hakuna usakinishaji utakaoirejesha. Tarakilishi ikikataa kuwaka, diski yake yaweza kutolewa na kusomwa kupitia mashine nyingine kabla ya jambo lolote kufanywa. Diski inayotoa milio ya kugongagonga isilazimishwe; hiyo ni dalili ya ugonjwa, na dawa yake ni kubadilishwa baada ya data kuokolewa.

Uteuzi wa mfumo

Mpangaji sharti alingane na nyumba. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64 katika diski. Mashine nyingi kongwe hazitimizi masharti hayo. Kwa mashine hizo, mifumo huria ya ukoo wa Linux ni kimbilio, maadamu hupatikana bila malipo na baadhi yake imeundwa kwa ajili ya vyombo vyenye nguvu haba. Hata hapo uangalifu unahitajika. Kichakataji cha biti 32 hakiwezi kuendesha mfumo wa biti 64, na mifumo inayokijali inazidi kupungua: Debian 12 ya mwaka 2023 ilikuwa na kisakinishi cha biti 32, ilhali Debian 13 ya mwaka 2025 haikukitoa.

Utaratibu wa kazi

Faili ya mfumo hupakuliwa, ikahakikiwa kwamba haikuharibika njiani, kisha ikaandikwa kwenye flashi kwa programu maalumu. Kuinakili tu hakutoshi. Tarakilishi huwashwa ikielekezwa kuanzia kwenye flashi, aghalabu kwa kubonyeza F2, F12 au Delete mara tu inapowaka. Mifumo mingi ya Linux huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Fursa hii itumiwe kujaribu sauti, kiwambo na mtandao pasiwaya. Kasoro ya mtandao ni afadhali ijulikane mapema, kwa kuwa kiendeshi kinachokosekana hupatikana mtandaoni, na bila kiendeshi hicho huo mtandao haufikiki.

Hatua nyeti zaidi ni ugawaji wa diski. Kisakinishi huuliza kama diski yote ifutwe. Jibu la pupa hapa ndilo chanzo cha majuto mengi. Inafaa sehemu moja ya diski itengewe mfumo na nyingine itengewe faili za mtumiaji, ili siku mfumo utakapobadilishwa tena faili zisiguswe.

Kazi ikikamilika, saa ichunguzwe. Betri ndogo ya mviringo iliyomo ndani, aghalabu CR2032, ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na tovuti salama hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake hupimwa kwa tarehe. Mtumiaji huulaumu mfumo mpya, kumbe kosa ni la betri.

Nafasi ya Kiswahili

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili. LibreOffice, iliyochipuka kutokana na OpenOffice mwaka 2010, ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili na hufungua hati za zamani za Word, ijapokuwa mpangilio wa kurasa huweza kubadilika. Kwa hivyo tasnifu iliyokamilika ihifadhiwe pia katika muundo wa PDF.

Hitimisho

Imebainika kwamba umri wa tarakilishi hautoshi kuihukumu. Mashine iliyotupwa hupoteza hifadhi, na iliyofutwa kwa pupa hupoteza kumbukumbu. Mwanafunzi au mhadhiri anayeanza kwa kunakili, akateua kwa kupima, kisha akasakinisha kwa utulivu, huupata mkeka wake wa zamani ukiwa bado unakalika.