Somo la bure, vifaranga vya kulipia

Mtu wa Dumila au Kimamba, wilayani Kilosa, anayetaka kufuga samaki hahitaji tena kupanda basi ili apate somo la kwanza. Anaandika maneno mawili matatu kwenye YouTube, na kabla bando halijakata ameshaona mabwawa ya udongo, ya turubai na ya saruji, na kijana mwenye buti za mpira akirusha chakula huku perege wakigombania juu ya maji. Chini ya video kuna namba ya simu. Namba hiyo ndiyo biashara yenyewe.

Wengi wa walimu hawa wa bure wanaishi kwa kuuza vifaranga, chakula, nyavu au kazi ya kuchimba mabwawa. Somo ni chambo. Hakuna ubaya hapo, kwani hata muuza pembejeo za mahindi humfundisha mteja wake namna ya kupanda. Ila mnunuzi wa ujuzi lazima aangalie muuzaji ameacha nini nje ya somo, na mara nyingi kinachoachwa ni hesabu ya chakula.

Chukua bwawa la mita 10 kwa 20. Ukipandikiza vifaranga 3 kwa kila mita ya mraba, unahitaji 600. Tuseme 480 wanafika siku ya kuvua, kila mmoja akiwa na gramu 300: hizo ni kilo 144. Video nyingi huishia hapo, zikazidisha kilo kwa bei ya soko na kumwacha mtazamaji akiota pikipiki mpya. Lakini hata kwa chakula kizuri cha kuelea, kila kilo ya samaki hudai kilo moja na nusu hivi ya chakula, na mlishaji asiye makini hupitiliza hapo. Kwa hiyo bwawa hili dogo linataka chakula kisichopungua kilo 216 kabla samaki wa kwanza hajaingia kwenye karai. Kwa mfugaji anayelisha sawasawa, chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote za msimu.

Kilosa ina pumba za mpunga kwa wingi, kuanzia Rudewa hadi Msowero, na mashudu ya alizeti hayako mbali. Pumba peke yake hazimkuzi perege, kwa kuwa anahitaji protini ya asilimia 25 hadi 30 hivi. Kuna nafasi ya biashara hapo: kozi fupi ya Kiswahili ya kuchanganya chakula kwa malighafi za wilayani, yenye vipimo vya kilo na ndoo, ingemfaa mkulima wa Rudewa kuliko video kumi za kuchimba bwawa.

Kwa upande wa kozi zenye jina, dunia imefunguka. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, wanyama wa majini waliofugwa, tani milioni 94.4, waliwazidi waliovuliwa. Sekta inayokua hivyo inataka watu, na FAO yenyewe inatoa mafunzo ya bure mtandaoni, pamoja na hati ya kidijitali kwa anayefaulu. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine anayewinda kazi kwenye mradi atafaidika sana. Mkulima wa Ulaya (ile kata ya Kilosa, si bara) atakwama kwenye Kiingereza, na akivuka hapo atakuta somo limeandikiwa afisa mipango.

Kwa anayetaka ajira rasmi, mlango mkuu bado ni Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, wenye kampasi kama Mbegani kule Bagamoyo na Nyegezi jijini Mwanza, ambako mtu husoma ngazi ya cheti hadi stashahada. Kampasi hizo ziko kwenye maji makubwa, na ni haki yake: huwezi kufundisha unahodha Kimamba. Ufugaji wa bwawani ni kitu kingine. Unafanyika nyuma ya nyumba, na mwanafunzi wake mara nyingi ni mama mwenye watoto na shamba la mpunga, asiyeweza kuhamia Bagamoyo kwa mwaka mzima.

Bahati ya Kilosa ni kuwa jirani na Morogoro mjini. Kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji kiko Kingolwira, na Sokoine wanafundisha fani hiyo hadi ngazi ya shahada. Anayetaka kuona kifaranga bora kabla ya kutuma pesa kwa namba ya kwenye video, kituo hicho hakiko mbali. Ningemshauri aende kwanza Kingolwira, bando lifuate.

Kuna mambo ambayo kozi iliyotengenezwa Misri au Thailand haiwezi kuyajua. Mto Mkondoa unaopita Kilosa mjini unaishia Mto Wami, na Wami una perege wake wa asili, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis urolepis hornorum na vitabu vya ufugaji humtaja kwa jina la mto huo. Samaki huyu ana historia kubwa kuliko wanavyodhani wanaomvua kwa ndoana. Mwaka 1960 mtaalamu Mwingereza, Hickling, akiwa Malacca, alieleza jinsi dume la aina hii, lililotoka Zanzibar, lilivyozaa watoto madume karibu watupu alipolipandisha kwa jike la perege wa Msumbiji. Wafugaji walilihitaji jambo hilo mno, maana dume na jike wakikaa bwawa moja huzaana ovyo, na mwisho wa msimu unavua mamia ya samaki wa saizi ya kidole. Siku hizi wazalishaji wengi hupata madume kwa kuchanganya homoni kwenye chakula cha vifaranga katika wiki zao za mwanzo.

Kinachouzwa sana sasa ni sato, yaani perege wa Naili, ambaye asili yake si Wami wala Rufiji. Anakua upesi, hilo halina ubishi. Lakini akitoroka huzaana na perege wa asili, na watafiti wamekwisha kuona machotara hao katika mito yetu. Kilosa haijasahau mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010. Bwawa lililochimbwa kwenye tambarare ya Mkondoa likifunikwa na maji, mfugaji anapoteza mtaji na mto unapata mgeni. Mwalimu wa mtandaoni asiyemuuliza mwanafunzi wake mto uko umbali gani na mafuriko hufika wapi hajafundisha.

Hata karatasi za serikali zinategemea upande ulipo. Maji ya Kilosa mjini yako chini ya Bonde la Wami/Ruvu. Ukishuka Kidodi, kwenye Ruaha Mkuu, umeingia Bonde la Rufiji, na kibali cha kutumia maji unakiombea huko.

Mikumi ni sura nyingine kabisa. Barabara kuu ya Iringa na Zambia inaleta malori usiku na mchana, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 inaleta watalii, na wote hao wanakula. Wateja wapo. Ila bwawa la jirani na hifadhi lina wageni wasiotajwa kwenye kozi yoyote: kenge, fisi maji, mnandi, na tembo ambaye haji kula samaki bali hukanyaga kingo akitafuta maji. Uzio na mahali pa kuchimba ni sehemu ya mtaji hapa.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana chuo Mikumi, na mfano wa namna ya kufundisha wanao mkononi. Mwaka 2016 VETA na Airtel Tanzania walianzisha VSOMO, programu ya simu inayompa mwanafunzi nadharia popote alipo, kisha anakwenda chuo cha VETA kwa vitendo. Utaratibu huo unaufaa ufugaji wa samaki kuliko fani nyingi. Protini, oksijeni na kumbukumbu za mauzo vinasomeka kitandani. Kupima rangi ya maji kwa kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko ili uone kama vidole vinapotea, kutambua alfajiri kwamba samaki wanaotweta juu ya maji wamekosa hewa na si kwamba wana njaa, kuvuta wavu bila kuchubua magamba: haya yanataka bwawa, na mtu wa kukukemea ukikosea. Mabwawa mawili ya mafunzo Mikumi na mengine mawili upande wa Kilosa yangetosha kuanzia, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na karakana ya magari.

Mafunzo ya kuuza bado hayana mwenyewe. Mpishi wa hoteli ya Mikumi hataki kilo 144 siku moja mwezi Agosti; anataka kilo 15 au 20 kila wiki, wa saizi moja, wakiwa kwenye barafu. Mfugaji mmoja mwenye bwawa moja hawezi. Wafugaji 8 waliopandikiza kwa kupishana wiki tatu tatu wanaweza, mradi kila mmoja avue kwa awamu, wawe na daftari moja, jokofu moja na mtu wa kupokea simu ya jikoni. Perege huchukua miezi sita hadi minane kufika mezani, kwa hiyo kifaranga wa oda ya Desemba lazima awe majini kabla Juni haijaisha.