Hesabu Kabla ya Kura: Kazi ya Kusimamia Wachambuzi wa Sera za Kodi

Katika majimbo mengi ya Marekani, muswada wa kodi haupigiwi kura mpaka uambatane na waraka mfupi unaojibu swali moja: sheria hii ikipita, hazina ya jimbo itaongezeka au itapungua kwa kiasi gani? Waraka huo huandikwa na wachambuzi wa sera za kodi. Baadhi yao wameajiriwa na idara ya mapato iliyo chini ya gavana, wengine na ofisi za utafiti za Bunge la jimbo. Juu yao yupo msimamizi anayegawa kazi, anayekagua hesabu na kuidhinisha kila waraka kabla haujatoka. Jina lake ni nadra kusikika magazetini, lakini wabunge wa pande zote mbili hubishana wakiwa na takwimu zake mkononi.

Uzito wa kazi hii unatokana na mamlaka ya majimbo yenyewe. Nchini Kenya, Katiba inaziachia kaunti kodi ya majengo na ada chache, huku kodi ya mapato na VAT zikibaki mikononi mwa serikali ya taifa. Jimbo la Marekani lina uhuru mpana zaidi. Linaweza kutoza kodi yake ya mapato juu ya ile ya taifa, pamoja na kodi ya mauzo, ya mafuta na ya makampuni. Wisconsin ilianzisha kodi ya mapato mwaka 1911, miaka miwili kabla ya serikali ya taifa kuanza kutoza ya kwake ya sasa. Majimbo mengine, kama Texas na Florida, hayagusi kabisa mishahara ya watu. Lakini uhuru huo una mpaka wake: isipokuwa Vermont, majimbo yote yanabanwa na katiba au sheria kusawazisha bajeti. Serikali ya taifa inaweza kukopa mwaka baada ya mwaka; jimbo likikosea makadirio, pengo huonekana mapema, na hutafutiwa fedha katika shule, barabara na hospitali.

Namna waraka unavyopikwa huonekana vizuri kwa mfano mdogo. Tuseme mbunge anataka kufuta kodi ya mauzo kwenye nepi, ambazo wengi huziita pampasi. Mchambuzi anaanza na idadi ya watoto wanaozitumia, tuseme 150,000, na matumizi ya dola 900 kwa kila mtoto kwa mwaka. Hiyo ni dola milioni 135. Kodi ikiwa asilimia 5, mapato yatapungua kwa dola milioni 6.75 kwa mwaka. Mchambuzi mgeni angeishia hapo.

Msimamizi mzoefu hapo ndipo anapoanza. Anausoma muswada neno kwa neno na kuuliza: umesema nepi za watoto, au umesema nepi tu? Kama ni nepi tu, za wazee na wagonjwa nazo zimo, na hesabu nzima inabadilika. Kisha anauliza sheria inaanza lini. Katika majimbo mengi mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Sheria ikianza tarehe 1 Oktoba, mwaka wa kwanza unabakiwa na miezi tisa. Na kwa kuwa wenye maduka hupeleka kodi ya mwezi mmoja katika mwezi unaofuata, ni miezi minane tu itakayoonekana kwenye hazina. Upungufu wa mwaka wa kwanza unakuwa dola milioni 4.5. Tofauti ya milioni 2.25 imezaliwa na maswali, si na kompyuta.

Kodi ya mapato ni ngumu zaidi. Hapo wachambuzi hutumia programu inayochukua sampuli ya ritani halisi za walipakodi na kuzikokotoa upya, moja baada ya nyingine, kana kwamba sheria inayopendekezwa tayari inatumika. Njia hii huonyesha jumla ya fedha na pia nani anaguswa: wenye kipato cha chini, wa kati au matajiri. Minnesota imejijengea sifa kwa ripoti inayoeleza kwa kina mzigo wa kodi za jimbo na za serikali za mitaa unavyowaangukia wakazi kufuatana na kipato chao. Ripoti ya aina hiyo ingefaa kuwepo popote kodi inapotozwa.

Kwa kuwa ritani hizo zina siri za watu, msimamizi ni mlinzi pia. Sheria ya taifa, kifungu cha 6103 cha kanuni za kodi, inakataza kutoa taarifa za mlipakodi bila idhini, na anayezivujisha kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Hatari haiko kwenye jina peke yake. Jedwali linaloonyesha kwamba msamaha fulani ulichukuliwa na kampuni mbili tu katika wilaya fulani linatosha kuwaambia wenyeji ni kampuni zipi. Jedwali kama hilo huunganishwa na mengine, au halitolewi.

Msimu mkali ni wa vikao. Mabunge mengi hufungua Januari, na miswada humiminika kwa wiki chache. Msimamizi lazima ajue nani kati ya watu wake anaijua kodi ya mafuta, nani kodi ya makampuni, na nani bado anahitaji kushikwa mkono. Waraka hauandikwi na mtu mmoja ukatoka. Mchambuzi wa pili huirudia hesabu bila kuangalia ya mwenzake, na majibu yakitofautiana, wote wawili wanarudi mezani. Kila dhana huandikwa kwenye faili, ili mwandishi akihama kazi, anayemrithi aweze kufuata njia ileile. Jambo hili hupuuzwa kwa urahisi wakati wa haraka, na ndilo linaloziangusha ofisi nyingi, kwa sababu mchambuzi aliyeondoka na njia zake kichwani ameondoka na sehemu ya ofisi.

Lugha nayo hukaguliwa. Mchambuzi haandiki kwamba kodi ni mzigo au kwamba msamaha ni baraka; anaandika mapato yatapungua kwa kiasi gani na kwa sababu gani. Mwanasiasa akipiga simu kutaka takwimu ilainishwe, simu hiyo ni ya msimamizi kuipokea, si ya kijana aliyeajiriwa mwaka jana.

Jimbo la Kansas lilizijaribu taratibu hizi zote. Tangu 1974 jimbo hilo hutumia makisio ya pamoja: ofisi ya bajeti, idara ya mapato, ofisi ya utafiti ya Bunge na wachumi wa vyuo vikuu hukaa pamoja na kutoka na makadirio mamoja ambayo gavana na Bunge wote huyatumia. Mwaka 2012 Gavana Sam Brownback alitia saini sheria iliyoshusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 6.45 hadi 4.9, na kufuta kabisa kodi ya jimbo kwenye faida ya biashara inayokwenda moja kwa moja kwa mmiliki. Makadirio yalionyesha mapato yangepungua kwa dola milioni 231 mwaka wa kwanza, na kufika milioni 934 baada ya miaka sita. Waliounga mkono waliamini uchumi ungekua kiasi cha kuziba pengo hilo.

Ukuaji huo haukuja. Palipoteleza hesabu ni kwenye idadi ya watakaonufaika: ilitarajiwa biashara 191,000, lakini waliodai msamaha walizidi 330,000. Mlango ukifunguliwa katika sheria, watu huupitia, na kuna waliopanga upya kazi zao ili kipato kisomeke kama faida ya biashara. Ndiyo maana swali la mwenendo wa watu, yaani watafanya nini sheria ikibadilika, ni zito kuliko hesabu yenyewe, na msimamizi anayeliruka hajamaliza kazi.

Fedha za barabara zilihamishiwa matumizi mengine, alama ya kukopesheka ya jimbo ikashushwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata kodi ya mauzo ikapandishwa kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, kodi ambayo wakati huo maskini aliilipa kila aliponunua unga. Tarehe 6 Juni 2017 Bunge la Kansas, lililokuwa na wingi wa chama cha gavana mwenyewe, lilitengua kura ya turufu ya gavana na kuufuta msamaha huo wa biashara. Muswada wa kuufuta nao uliambatana na makadirio: dola bilioni 1.2 za ziada katika miaka miwili.