Mwali wa Kizaramo na Maana ya Utu Uzima

Katika Uzaramo, zikiwemo pande za Kisarawe na Kibaha pamoja na Tumbi, msichana aliyevunja ungo huitwa mwali. Kabla ya hapo ni kigori. Zamani mwali aliwekwa ndani, pengine miezi mingi, akafundwa na kungwi, akapewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akitunze mfano wa mtoto. Alipotolewa alihesabiwa mtu mzima.

Utu uzima huo ulikuwa wa mwili na ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, hali kura hupigwa kuanzia miaka 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba ruhusa hiyo yapingana na Katiba. Neno mwali, basi, hueleza mwili na ndoa, halielezi uraia.