Fahamu: Kwa nini kibali cha nyumba hukwama kando ya Mto Nyamwamba

Una hati ya kiwanja Kasese, Uganda, matofali yameshashushwa, kisha kibali kinakwama. Vipi tena? Hati inakupa ardhi, haikupi ruhusa ya kujenga. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 iliifanya Uganda nzima, mji na kijiji, kuwa eneo la mipango, hivyo kibali kinahitajika kote. Kanuni za mazingira za 2000 nazo zinalinda kingo: mita 100 kwa mito iliyoorodheshwa, 30 kwa mingine, ukiwemo Nyamwamba.

Ubishi huanzia kwenye futi kamba: mita 30 kutoka wapi? Nyamwamba hautulii mahali pamoja. Mei 2013, na tena Mei 2020, ulishuka kutoka milima ya Rwenzori ukibingirisha mawe, ukaivamia hospitali ya Kilembe. Aliyepima kabla ya hapo huenda kigingi chake sasa kimo majini.