Kungojea Si Kukaa Bure

Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa humu mwaka ule, leo ni mtu mzima. Tumezoea kusema, "Tukirudi Kongo ndipo tutaanza." Lakini miaka ya kungojea nayo ni miaka ya uhai wetu, tutaitolea hesabu mbele za Mungu. Mtume Paulo alipowaandikia Wafilipi alikuwa kifungoni, hajui kama atafunguliwa au atauawa. Hakungoja mlango ufunguke ndipo afanye kazi. Basi na sisi, leo hii tumfundishe mtoto kusoma, tumtembelee jirani mgonjwa, tupatane na yule tusiyesalimiana naye. Wazee wetu, siku zikibaki chache, hizo hizo ndizo za kupanda.