Uko likizoni? Jumapili ingia kanisa ambalo si lenu

Shule na vyuo vikifungwa, wengi wenu mliobatizwa ACK huwa mnalifunga na kanisa pia. Nyumbani mama ndiye kengele. Ukishafika kwa shangazi Mombasa, au mkivuka na wenzako hadi Unguja, Jumapili inageuka siku ya kuogelea. Sijaja kukuhubiria. Ninachokwambia ni kwamba makanisa ya Anglikana yaliyo njiani mwako yana hadithi ambazo hukuzisikia kwenye darasa la kipaimara, na kuingia kwenye ibada hakulipishwi.

Anzia Mombasa mjini. Memorial Cathedral iko Nkrumah Road, njia ya kwenda Fort Jesus, na huenda umeipita mara kumi ukidhani ni msikiti. Si ajabu. Lina kuba na matao, na waliolijenga kati ya 1903 na 1905 waliuiga kwa makusudi ujenzi wa Kiislamu waliokuta mjini. Ni ukumbusho wa Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka wa 1885 akielekea Buganda, na wamishenari wenzake. Ukiwa wa Nairobi, lifananishe na All Saints, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1917 na ambalo ukilitazama utadhani limeng'olewa Uingereza likapandwa kando ya Uhuru Park. Kwangu mimi, la Mombasa ndilo linalojua liko wapi.

Kisha panda matatu ya Kisauni, uvuke daraja la Nyali. Kondakta atapiga kelele, "Kengeleni!" Watu hushuka kila siku pasipo kuuliza ni kengele gani. Basi kengele ni ya kweli, na mnara wake uko papo hapo. Baada ya biashara ya watumwa kupigwa marufuku Zanzibar mwaka wa 1873, shirika la wamishenari la CMS lilianzisha hapa kijiji cha watumwa walioachiliwa huru, likakiita Frere Town kwa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyeushughulikia mkataba ule. Kengele ililia kuwaonya wakazi kila wavamizi walipokaribia. Baadhi ya wakazi hao walikuwa Waafrika waliookolewa baharini wakiwa wadogo, wakasomeshwa Nashik kule India, kisha wakarudishwa. Kanisa lao, Emmanuel, bado lina ibada. Ukikaa kwenye benchi la nyuma, mzee aliye kando yako anaweza kuwa mjukuu au kitukuu wa mtu aliyeuzwa.

Ukiwa na siku moja zaidi, nenda Rabai. Unafika Mazeras, halafu unachukua matatu ya Kaloleni au boda. Krapf na Rebmann walianzisha misheni hapo 1846, na vitabu vya shule huishia hapo. Visichosema sana ni kwamba baadaye mamia ya watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao, walijificha Rabai. Mabwana wakaja kuwadai. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ya IBEA ililazimika kuwalipa mabwana hao fidia ili watoro wapewe hati za uhuru. Hebu fikiria, mtu anatoroka usiku, anakimbilia kanisani, halafu uhuru wake unaandikiwa risiti.

Unguja ndiko utakakotulia zaidi. Kanisa la Christ Church, Mkunazini, limejengwa juu ya soko lenyewe la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, soko likiwa limefungwa miezi michache tu. Altari, wanavyoeleza pale, iko mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na ambaye pia alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, amezikwa nyuma ya altari hiyo. Kuna msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa, huko Zambia. Mwongozo atakuonyesha pia nguzo zilizosimikwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini, na akaziacha. Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watumwa, minyororo shingoni. Watalii hupiga selfi pale. Wewe usipige.

Sasa, ukija siku ya kawaida utalipa kiingilio kama mtalii. Njoo Jumapili ukae kwenye ibada. Hapo ndipo Mkenya wa ACK huchanganyikiwa. Ubani unafukizwa, kengele ndogo inalia, watu wanapiga magoti na kufanya ishara ya msalaba. Utaangalia simu yako uone kama umepotea njia ukaingia kwa Wakatoliki. Hujapotea. Zanzibar ilipokea Uanglikana kupitia misheni ya UMCA, iliyopenda ibada ya fahari na sakramenti. Kenya tuliupata kupitia CMS, watu wa Biblia na mahubiri, ambao ubani waliuona kama mambo ya Roma. Kanisa ni lile lile, mlango ndio tofauti. Nao wakija kwetu hushangaa vilevile, hasa mwisho wa ibada tunapoirusha mikono kuelekea msalabani tukizituma huko shida zetu zote. Hilo ni letu, limo kwenye kitabu chetu cha ibada, na Mwanglikana wa kwingine anaweza kudhani tunafukuza nzi.

Mambo madogo: vaa mavazi ya heshima, manake kaptura ya ufuoni haitakubaliwa na akina mama wa Mothers' Union hata kama padre atanyamaza. Wageni wataombwa wasimame wajitambulishe. Taja jina na kanisa unakotoka, ukae. Wakiwa na KAYO, vijana watakutafuta nje baada ya ibada, na huo ndio muda wa kuuliza chakula kizuri kiko wapi.

Na kama likizo yako ni ya bara, usinung'unike. Nenda Murang'a, kanisa kuu la St James. Lilijengwa miaka ya 1950 kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau kwa kukataa kiapo. Ukumbusho huo si mwepesi, kwa sababu nyumba nyingi za huko zina babu aliyekula kiapo na babu mwingine aliyekataa, na hawajamaliza kuzungumza. Lakini ndani ukutani kuna michoro mitano mikubwa ya Elimo Njau, msanii aliyezaliwa Marangu, Tanzania. Yesu ni Mwafrika kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, na nyuma yake ni vilima na migomba unayoiona ukitoka nje. Aliichora kabla Kenya haijapata uhuru, wakati kalenda ya Yesu mzungu ilikuwa imetundikwa kila sebule. Ukifika siku ya kazi ukute pamefungwa, uliza ofisini, wakufungulie.