Ufundi wa Watu Wanne Kwenye Bahari ya Kusini

Mtu akiniuliza mashindano ya matanga hushindaniwaje na mshindi hupatikanaje, hutarajia nianze na upepo. Mimi ni wa Mji wa Kale, Mombasa, ukoo wa watu wa majahazi, na tangu utotoni najua kwamba upepo ni wa wote. Chombo hupita chombo kwa sababu kina fundi, na fundi huyo amepata usingizi.

Ushahidi wangu ni safari moja. Tarehe 26 Februari 2023 vyombo vitano vilitoka Cape Town kuelekea Itajaí, Brazil. Brazil iko magharibi ya Cape Town, lakini wao walielekea mashariki: walipita chini kabisa ya Bahari ya Hindi, kusini ya Australia, wakavuka Pasifiki, wakazunguka Cape Horn ndipo wakapanda Atlantiki. Maili za baharini 12,750, yaani zaidi ya kilomita 23,600, bila kutia nanga popote. Hiyo ilikuwa hatua ya tatu ya Ocean Race, mashindano ya kuzunguka dunia kwa matanga, na haijapata kutokea hatua ndefu kuliko hiyo katika mashindano hayo, yaliyoanza Portsmouth, Uingereza, mwaka 1973 yakiitwa Whitbread. Katika safari ile ya kwanza, ambayo mshindi wake alikuwa chombo cha Mexico, Sayula II, mabaharia watatu walichukuliwa na bahari.

Zamani chombo kimoja kilibeba mabaharia kumi na zaidi. Safari hii walikuwa wanne tu, na sharti angalau mmoja wao awe mwanamke. Chombo chenyewe kina urefu wa mita 18 na kidogo, kimejengwa kwa nyuzi za kaboni, na ubavuni kina mabawa yanayokiinua juu ya maji kikishika kasi. Kuna na mtu wa tano, mwandishi wa habari. Yeye hupiga picha na kutuma habari, lakini ni marufuku kusaidia kuendesha chombo. Hapo ndipo ninapomwonea huruma mwenzangu wa kalamu: tanga linapasuka, watu wanahangaika, na wewe umeshika kamera!

Usukani karibu muda wote huongozwa na mtambo. Mabaharia wamejikunyata ndani ya kijichumba kilichofunikwa, wanatazama skrini, wanakaza na kulegeza demani, zile kamba za matanga. Wazee wetu waliosimama shetri, nyuma ya chombo, na jua la utosi wangecheka sana. Wasingecheka kama wangeonja usiku mmoja humo. Mabawa yanapiga mbinja, mwili wa chombo unagonga mawimbi kama ngoma inayopigwa na mwendawazimu, na mtu hawezi kusimama bila kushikilia kitu. Chakula ni kile kilichokaushwa, kinatiwa maji ya moto na kuliwa pakitini. Maji ya kunywa huchujwa kutoka baharini. Haja ni kwenye ndoo. Wakati wa kulala, miguu huelekezwa omo, mbele ya chombo, ili chombo kikijichoma kwenye wimbi na kusita ghafla, magoti yapokee kishindo badala ya kichwa.

Sasa njoo kwa Malizia, chombo cha nahodha Mjerumani Boris Herrmann. Siku chache tu baada ya kuondoka, kifungo kinachoshikilia tanga kubwa la mbele huko juu kilikatika. Tanga likaanguka, na jarari, ile kamba ya kulipandishia, ikachana mlingoti karibu na kileleni. Mlingoti wa kaboni ukishapata ufa hauna dhamana. Dhoruba moja yaweza kuuangusha. Cape Town ilikuwa bado karibu. Kurudi kungekuwa busara, na hakuna ambaye angewalaumu.

Hawakurudi. Rosalin Kuiper, Mholanzi, na Will Harris, Mwingereza, walipanda hadi mita zipatazo 28 juu ya sitaha wakiwa na vifaa vyao, wakauziba ule ufa hukohuko juu. Kila aliyewahi kukwea mlingoti bandarini, maji yametulia, anajua jinsi mrama mdogo wa chini unavyokuwa mkubwa kule juu. Wao walikuwa bahari kuu. Wakati wanafanya kazi, wapinzani walizidi kutokomea mbele, chombo cha Holcim-PRB kikiongoza. Chombo kingine, Guyot, kilikuwa kimeshapata hitilafu ya mwili na kulazimika kurudi Cape Town.

Yaliyofuata ni wiki nyingi za kufukuzia, kwenye pepo za magharibi ambazo kule kusini hazina nchi kavu ya kuzizuia. Kamati ya mashindano huchora mpaka wa kusini usiovukwa, kwa kuhofia vilima vya barafu. Malizia walisogea polepole hadi wakawafikia wale wa mbele. Halafu, siku za mwisho mwisho, wimbi lilimtupa Kuiper kutoka kitandani akaumia kichwa. Akabaki amelazwa, na kazi ya wanne ikafanywa na watatu.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Aprili, baada ya siku 34 na saa 17, Malizia waliingia Itajaí wa kwanza, na mlingoti wao wenye kiraka. Mwezi Mei, katika hatua nyingine kwenye Atlantiki ya kaskazini, chombo hichohicho kilikwenda maili 641 kwa saa 24.

Kombe lenyewe hawakulipata. Walimaliza wa tatu. Lilikwenda kwa Wamarekani wa 11th Hour Racing, nao walilipata kwa njia ya ajabu. Hatua ya mwisho ilipoanza The Hague, Guyot waliwagonga na kuwatoboa ubavu, hata Wamarekani wakashindwa kuendelea. Majaji wakakaa, wakawapa pointi nne za fidia, na hizo ndizo zilizowafanya mabingwa. Ni halali kabisa kwa kanuni. Ila ukiniuliza mimi mabaharia wa mashindano yale walikuwa akina nani, nitakutajia wale wawili waliopanda mlingoti.